Si za Singa, Si za Pilipili

Jambo ninalotaka kulizungumza leo huenda likawachekesha baadhi yenu, na hasa wanaume wenzangu. Mtu mzima mwenye mvi, aliyelelewa chuoni juu ya jamvi akahitimu juzuu thelathini, leo ashike kalamu kuandika habari za nywele za wanawake! Nawaombeni mnivumilie. Mimi sikulitafuta jambo hili. Lilinijia lenyewe nyumbani kwangu, likakaa ukumbini, likakataa kuondoka.

Mwaka 2023, katika mfunguo pili, tulikuwa na arusi ya mpwa wangu hapa Mombasa. Nyumba za Mji wa Kale mwazijua: arusi ikiwa nyumba ya tatu kutoka kwako, basi na wewe huna nyumba. Binti yangu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na tisa, alikuwa miongoni mwa wasichana waliopangwa kukaa karibu na bi arusi usiku wa kupamba. Siku nane kabla ya usiku huo akaniomba ruhusa ya kwenda saluni na wenzake, nami, kama wafanyavyo baba wengi, nikatia mkono mfukoni pasi na kuuliza aenda kufanywa nini.

Inafaa niwaeleze nywele zake zilivyokuwa. Si za singa, wala si za pilipili. Zatoka kichwani zimelala, zikifika masikioni zaanza kupinda, kisha zashuka mabegani kwa mawimbi, kama maji ya bandarini yapigwapo na matlai asubuhi. Nywele za namna hii ni nyingi mno katika miji yetu, kuanzia Vanga hata Kiunga, nasi twajua sababu yake. Mtu wa pwani ukimuuliza nasaba yake atakutajia Hadhramaut na Barawa, Ngazija na Pate, na akiwa mkweli atakutajia pia Giriama na Digo, na pengine Bara Hindi. Damu zote hizo zimekutana kichwani.

Basi binti alirudi magharibi, nywele zimenyoka kama nyuzi. Mama yake akamwangalia asiseme neno. Siku mbili alikuwa akijipitisha mbele ya kioo cha ukumbini, huenda na kurudi, kama mtu aliyevaa kanzu mpya. Siku ya tatu akaanza kusema kichwa chamwasha. Siku ya tano mama yake akamkuta na vidonda nyuma ya sikio, na juu ya mto wake nywele zilizokatika zimetapakaa kama mabaki ya ukindu penye msusi wa mikeka. Usiku wa kupamba ulipowadia, nywele za mbele juu ya kipaji zilikuwa zimebaki urefu wa ukucha. Hakwenda arusini. Alituambia yuaumwa na tumbo.

Hapa yataka nieleze jambo ambalo sisi wanaume hatulioni. Wageni wakiwaona wanawake wetu wamejifunika buibui na mtandio, hudhani kwamba kwa watu hawa nywele si kitu, maana hazionekani. Kumbe ni kinyume chake. Mwanamke wa pwani hajipambi kwa ajili ya njiani. Nywele zake ni za nyumbani, na za mumewe, na za wanawake wenzake. Usiku wa kupamba, mlango ukishafungwa na wanaume wakishaondoka, mabuibui yote huvuliwa, na hapo ndipo mahakama inapofunguliwa. Majaji ni wakali! Kila kichwa hutazamwa, kikapimwa, kikatiwa maneno, na maneno yale huingia nyumba zote kabla ya adhana ya alfajiri. Mama yake aliponieleza hayo ndipo nilipofahamu kwamba lililomuuma binti yangu halikuwa tumbo.

Nilimwendea chumbani nikamkuta amejifunga leso kichwani. Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, maana mtu akiogopa huwa mkali:

“Mwanangu, n’nani alokwambia nyele zako zina kasoro?”

Akanyamaza kitambo. Kisha akaninyoshea kidole ukutani, kule ukumbini.

Ukutani kule pana fremu. Ndani ya fremu pana shairi nililolitunga mwaka 2011 kwa arusi ya binti wa rafiki yangu, akaliandikisha kwa hati nzuri, akanipa nakala moja niiweke. Wageni wengi wamelisifu. Ubeti wake wa tatu ni huu:

Nyele zake kama singa, zashuka hata kiuno,
Bi arusi amefunga, shungi refu la mfano,
Si zile za kujizonga, vitana zavunja meno,
Hizi upepo wapunga, zatii pasi maneno.

Binti yangu alikuwa na miaka saba nilipolitundika. Kusoma herufi za kizungu alifunzwa shuleni, lakini kusoma mashairi alijifunza kwa fremu ile. “Baba,” akaniambia, “hizo za kuvunja vitana meno ni za nani?” Nikakosa la kumjibu, kwa kuwa nilikumbuka kila asubuhi mama yake alipokuwa akimchana kabla ya kwenda chuoni, mtoto akilia, na siku moja katika hizo kitana kikavunjika jino kweli, nasi tukacheka.

Wahenga wana msemo kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu. Miaka zaidi ya thelathini nimekuwa nikitunga mashairi ya arusi, mengine kwa mapenzi na mengine kwa bahasha, na nikiyahesabu yote sikumbuki hata moja ambalo bi arusi ana nywele zisizokuwa za singa. Nimewasifu kwa singa mabi arusi ambao sikupata kuwaona nywele zao, wala haikunipasa kuziona. Tungo huvutana: mmoja akisema hivi, wa pili hufuata, na “singa” lina vina vyepesi.

Vidonda tulivipeleka kwa daktari, akampa dawa ya kupaka na kumkataza kugusa kitu chochote cha saluni hata ngozi ipone. Kwa nywele zenyewe, mke wangu alimpigia simu dada yangu mkubwa, aliyeolewa Lamu miaka mingi hata Kimvita chake kimechanganyika na Kiamu. Akaja kwa basi na mkoba wa ukindu. Alipofika alimvua mtoto leso, akamgeuza kichwa huku na huku kama mtu anunuaye nazi, akasema:

“Nyee hizi zataka mai, hazitaki moto. Ndoo nje penye mwangaza.”

Kisha akatoa mkasi. Mtoto alilia sana, lakini shangazi yake hakumsikiliza. Akakata ncha zote zilizoungua, zikabaki nywele za kufika taya. Zilizokufa, alisema, hazifufuki kwa mafuta, na mwenye kukuuzia mafuta ya kuzifufua yuakuibia. Nimekuja kusoma baadaye kwamba maneno yake ni sahihi kabisa: unywele uliokwisha toka nje ya ngozi hauna uhai wa kujitibu. Utautunza usiharibike zaidi, lakini uliokatika umekatika, na wa kungojewa ni mpya, ambao hukua kiasi cha sentimita moja na kidogo kwa mwezi.

Katika mkoba ule mlikuwa na majani ya mkunazi yaliyokaushwa kivulini, yakatwangwa, yakachekechwa hata yakawa laini kama unga wa hina. Binti alipoyaona akaruka. “Shangazi! Hayo si ya kuoshea maiti?” Na kweli, vijana wa leo mkunazi wanaujua kwa maiti tu, kwa kuwa ndio mahali pekee walipouona. Katika Hadithi ya Ummu Atiyya yamekuja maagizo ya kumwosha binti yake Mtume (S.A.W.) kwa maji na mkunazi, na wanawake wale wakamsuka nywele zake mashungi matatu. Lakini dada yangu alimjibu mtoto kwa swali: kwani maiti huoshwa kwa kitu kibaya? Bibi zetu waliosha kwa mkunazi wakiwa hai miaka sabini kabla ya kuoshwa nao wakiwa wamekufa. Jani hilo lina kitu kama sabuni ndani yake. Ukilitia katika maji ya vuguvugu ukalivuruga kwa mkono hutoa povu, nalo huondoa uchafu pasi na kuyakausha mafuta yote ya kichwa.

Utaratibu aliomwekea ulikuwa wa siku ya Alhamisi, nami naueleza kama nilivyouona kwa wiki nyingi, kwa kuwa najua wako akina mama watakaoukata ukurasa huu na kuuweka.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, mafuta ya nazi yakipakwa kuanzia katikati ya unywele hata ncha, si ngozini. Mafuta yenyewe ya kupika nyumbani, ya tui lililochemshwa, au ya kununua Markiti kwa mtu unayemwamini. Asubuhi huoshwa kwa mkunazi, ngozi ikisuguliwa kwa ncha za vidole na wala si kwa kucha. Kisha hupakwa tui zito, likaachwa kichwani muda wa nusu saa hivi, na hapo, nywele zikiwa zimerowa na zateleza, ndipo huchanwa. Si kwa kitana cha meno ya karibu. Kwa shanuo la mti lenye meno mapana, na huanza ncha, kupanda juu kidogo kidogo, fundo likipatikana hufunguliwa kwa vidole. Mke wangu alikiri kwamba miaka yote alikuwa akianza utosini na kushuka kwa nguvu, nywele zikiwa kavu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikivunja vitana, si nywele.

Tui lisuuzwe sana, mara tatu nne. Hapa Mombasa kwa joto letu, tui lililobaki kichwani kufika adhuhuri limechacha, na harufu yake hata udi hauifichi.

Dada yangu aligombana na maji yetu pia. Lamu hunywa maji matamu ya visima vya mchangani Shela, ilhali visima vingi vya Mji wa Kale ni vya maji ya chumvichumvi, na maji magumu huacha utando juu ya nywele zikawa kavu na nzito. Basi akatega ndoo chini ya mfereji wa paa mvua iliponyesha, na maji hayo yakawa ya suuzo la mwisho. Jirani mmoja aliona ni uchawi.

Baada ya kuosha, taulo lilipigwa marufuku. Nywele zilikamuliwa kwa leso kuukuu ya pamba iliyolainika, kwa kubanwa na si kwa kusuguliwa. Zikiwa bado na umaji, zikasukwa mashungi manne yasiyokazwa, mtoto akalala nayo, na juu ya mto akatandika kitambaa cha hariri kisichokwaruza. Asubuhi mashungi yakifunguliwa kwa vidole vyenye tone mbili za mafuta, mawimbi yalitoka yamepangana kama yaliyochorwa. Kuanzia hapo hakuna kuchana hata Alhamisi nyingine. Ukizichana zikiwa kavu, zatawanyika na kufura.

Nilitaka kujua kwa nini mambo haya yafanya kazi, kwa kuwa sisi waandishi hatutosheki na kuona. Nilichokipata ni hiki. Umbo la unywele hutokana na kishimo chake ndani ya ngozi: kishimo kilichonyoka na mviringo kamili aghalabu hutoa unywele wa singa, na kilichopinda na kubanwa ubavuni hutoa unywele wenye mawimbi au wa kujikunja. Mafuta ya kichwani huteremka kwa wepesi juu ya unywele ulionyoka, lakini juu ya uliopinda huchelewa njiani, ndiyo maana mwenye nywele za mawimbi huwa na mizizi yenye mafuta na ncha kavu. Kwa hiyo bibi zetu walipopaka mafuta nchani hawakukosea.

Ndani ya unywele mna vifungo vya namna mbili. Viko vilivyo dhaifu, ambavyo maji huvilegeza, na unywele ukikauka vyajifunga upya kwa umbo ulilouweka. Hiyo ndiyo siri ya shungi la usiku. Hewa yetu ya masika, iliyojaa unyevu, hufanya kazi iyo hiyo bila kuombwa, na ndiyo sababu kichwa kilichopangwa vizuri saa mbili huwa kimefura saa sita. Vifungo vya pili ni vya nguvu, na dawa ya kunyosha nywele kazi yake ni kuvivunja hivyo, visirudi tena. Nyingi katika dawa hizo zina magadi makali ya aina ile ile itumiwayo kutengenezea sabuni. Zikizidi dakika, au zikigusa ngozi yenye mkwaruzo, huunguza. Na hata zisipounguza, mizizi huendelea kutoa mawimbi kama ilivyoumbwa, na pale zinapokutana nywele mpya na za dawa ndipo zinapokatikia.

Kuhusu mafuta ya nazi, mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walieleza walivyoyapima pamoja na mafuta ya alizeti na yale ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa kupotea kwa protini ya unywele wakati wa kuosha, kwa kuwa huingia ndani ilhali mengine hubaki juu. Nilipomsomea dada yangu habari hii kwa simu aliniuliza iliwagharimu pesa ngapi kuyajua hayo.

Ya pili ni nzito zaidi. Mwezi wa Oktoba 2022 ilitolewa taarifa huko Marekani ya uchunguzi uliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa muda wa karibu miaka kumi na moja. Wale waliotumia dawa za kunyosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka, ilikadiriwa kwamba kufika umri wa miaka 70 wapatao wanne katika kila mia watapata saratani ya mji wa mimba, hali wasiotumia ni kama mmoja na nusu katika mia. Wataalamu wenyewe wanasema uhusiano kuonekana si sawa na sababu kuthibitika. Lakini mimi ni baba, na hesabu hiyo yanitosha.

Nisije nikaonekana mtakatifu. Mwaka 1986, nikiwa kijana wa miaka kumi na sita, mimi na wenzangu wa Kibokoni tulishikwa na wazimu wa “kali kiti”, ile dawa ya kufanya nywele ziwe na mawimbi ya kurowa, tukiwaiga waimbaji wa Marekani. Ukitazama, ulikuwa ni mwendo wa kinyume: wenye nywele za kujikunja walitafuta mawimbi kwa pesa, wakati wenye mawimbi walikuwa wakitafuta singa. Mafuta yake yalichuruzika hata kola ya shati ikawa rangi ya chai. Mama yangu alivitandika viti vyote magazeti. Mwalimu wangu wa chuo aliponiona hakunipiga, aliniweka mbele ya darasa akaomba kitambaa cha kupangusia msahafu, asije mtu akautia mafuta. Nilinyoa kipara siku ile ile.

Ni mwalimu huyo huyo aliyetusomesha sifa za Mtume wetu (S.A.W.). Anas bin Malik amesimulia, na habari imo katika Bukhari na katika Shamaili ya Tirmidhi, kwamba nywele zake hazikuwa za kujikunja sana wala hazikuwa za kunyoka zikalala, bali zilikuwa baina ya hizo mbili. Imepokewa pia kwamba ameagiza mwenye nywele azikirimu, na kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akimchana hali yeye yumo katika itikafu msikitini. Niliyasoma haya nikiwa bado mtoto, nikayahifadhi kwa Kiarabu. Kisha nikakua nikatunga ubeti ule uliomo katika fremu.

Yalitoka wapi basi mapenzi yetu ya singa? Wengine watalaumu sinema za Kihindi, na ni kweli kwamba katika miaka ya sabini hakuna dada zetu ambaye hakutaka kuwa Hema Malini. Lakini tukisimama hapo tutakuwa twajidanganya. Utumwa ulikoma kisheria katika pwani hii mwaka 1907, na kwa muda mrefu baada ya hapo watu waliendelea kupimana nasaba kwa macho, pua na nywele zikiwa ndiyo mizani. Posa zimekataliwa kwa ajili ya nywele za mtoto wa watu. Neno “pilipili” hatukulitia kichwani mwa mtu kwa kumsifu. Mwenye mawimbi alikuwa katikati, akijaribu kuegemea upande mmoja, na usiku wa kupamba ndio wa kuonyesha ameegemea wapi. Najua kusema haya gazetini kutawaudhi baadhi ya wazee wangu, nami nawaomba radhi kwa kuwaudhi, si kwa kuyasema.

Wala si kwamba ushairi wetu wote umekuwa na kosa hili. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi wa wasia kiasi cha mwaka 1858, alimwagiza kuoga, kuzitengeneza nywele zake na kutunga asumini. Namna ya nywele hakuitaja.

Niliposhusha fremu ile mke wangu aliniuliza kama nimegombana na rafiki yangu. Nimeiweka juu ya kabati, haijachomwa, maana hati ya mwandishi haina kosa. Nywele za binti yangu zimefika tena mabegani. Mwaka jana alikwenda kwenye kupamba kwa mwenziwe akiwa na shungi moja nene lililolegezwa, kifundo kisogoni na asumini zimezungushwa, na mama yake aliniambia kwamba wasichana watatu walimuuliza alisukwa saluni gani. Hina amekubali kutia, kwa kuwa huzipa nywele uzito na wekundu, ila “piko” ile nyeusi ya kuchanganya na dawa shangazi yake amemkataza, kwa vile imewahi kuwababua watu mikono sembuse kichwa.

Sasa nina shughuli nyingine. Juma lililopita mama mmoja wa mtaani alinitumia ujumbe kwa simu akinitaka nimtungie shairi la arusi ya mwanawe, na kama ilivyo desturi akaniorodheshea sifa za kutiwa: macho, sauti, adabu, na “nywele za singa”. Bi arusi huyo namjua tangu utotoni, alikuwa akicheza barazani kwangu kabla hajaanza kujifunika, na nywele zake ni za mawimbi matupu. Nimemjibu mamake kwamba nitatunga, lakini singa sitatia. Akitaka atafute mtunzi mwingine. Baada ya siku mbili akajibu: “Haya, tia utakacho, bora yawe mazuri.”

Nimeketi na kalamu tangu jana. Neno nimekwisha kulichagua, ni “mawimbi”, lakini vina vya “mbi” si mchezo. Mpaka sasa nimepata “vumbi” na “makumbi”, na hakuna bi arusi atakayekubali kusifiwa kwa makumbi ya nazi. Jioni binti yangu aliniletea kahawa, akachungulia karatasi yangu juu ya bega, mashungi yake manne bado hayajakauka.

“Baba,” akasema, “na ‘dhambi’ je?”

Nikamwambia aniongeze kahawa.